Jumba la Jiwani kwa Rangi ya Maji

Mzee Manasseh Nyangau hakuwa mchoraji. Nasema mapema, kwa sababu siku hizi mtu akishika brashi mara mbili anataka aitwe fundi. Yeye alikuwa karani wa ramani katika ofisi ya ujenzi hapa Kisii mjini, na kazi yake kwa miaka ishirini na sita ilikuwa kupaka rangi ramani walizochora wengine. Mto buluu, ukuta wa mawe waridi, barabara ya udongo kahawia hafifu. Wakubwa walichora mistari, Manasseh akaijaza. Akipita nje ya mstari, anaanza upya. Hiyo ndiyo sanaa yote aliyofundishwa.

Zilipoletwa mashine za kunakili ramani, rangi zikaonekana kazi bure. Mkubwa wake akamwambia atupe sanduku zima. Manasseh hakuwa mtu wa kutupa kitu. Alilibeba kwa mikono miwili kama anayebeba mayai: vidonge kumi na viwili vya rangi katika kibati, brashi tatu za manyoya, bunda la karatasi nene. Akaviweka chini ya kitanda, na huko vikakaa hata alipostaafu mwaka wa 1972.

Kitanda chenyewe kilikuwa katika chumba cha kupanga nyuma ya duka la magodoro la Issack, jirani na veranda ninaposhonea nguo. Hapo ndipo nilipomjua. Kwao ni Sironga, upande wa Nyamira. Ana shamba, ana nyumba ya mabati, ana mikaratusi ya kuuza. Mtu mwenye vyote hivyo akistaafu leo, kesho yuko kwao. Yeye hakurudi. Watu wa Sironga aliwaambia ofisi bado inamhitaji. Sisi wa mjini alituambia anasubiri karatasi zake za kustaafu. Kila upande alikuwa ameupa uongo wake, na yeye akabaki katikati na sufuria moja, kikombe kimoja na kijiko kimoja.

Mkewe Drusilla alikufa mwaka wa 1965. Mabinti wawili waliolewa mbali. Mwana wa kiume alikuwa mmoja tu, Andrew, karani katika duka la misumari na mabati hapa hapa mjini, hatua mia tatu kutoka chumba cha baba yake. Andrew alijenga Kiogoro, akaoa mwalimu aitwaye Esnah, wakapata wasichana wawili. Kila asubuhi alikuja kazini kwa baiskeli. Hatua mia tatu! Na hao wawili hawakuwa wamesemezana tangu Desemba ya 1967.

Nililijua hilo kabla sijajua sababu. Mji wetu ni mdogo. Ukimwona mtu anavuka barabara kila mara mtu fulani anapotokea, huhitaji kuambiwa.

Aliyeniuliza kwanza alikuwa Batuli, mkewe Issack. Batuli alizaliwa mjini, baba yake alikuja huku na biashara ya ngozi, na mambo yetu mengine mpaka leo yanamshangaza.

"Mama Mogaka, huyu mzee wenu hana watu?"

"Anao."

"Basi mbona hata Krismasi anakula mandazi yangu peke yake? Mwanawe si yuko Kiogoro? Si aende akakae kwake?"

"Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, Batuli. Kwetu hilo halipo."

"Haingii hata mvua ikinyesha?"

"Hata mawe yakinyesha. Ataletewa kiti nje, ataletewa chai, ataletewa na kuku. Mlango havuki."

"Mna kazi nyinyi. Kwetu baba akija, mimi na Issack tunampa kitanda tunalala sakafuni."

"Ndiyo maana Issack analia mgongo, na magodoro amejaza duka zima."

Jambo hilo kwetu linaitwa ensoni. Ni aibu, lakini si ile ya mtu aliyeiba. Ni heshima yenye ukuta. Baba na mwanawe, au mzee na mke wa mwanawe, hawaonani miili, hawasikilizani maneno ya chumbani, hawacheki pamoja mzaha wa namna hiyo. Ukuta ukivunjika, hata kwa bahati mbaya, wazee wanaitwa, jambo linasemwa lilivyotokea na mahali lilipotokea, mbuzi anachinjwa, watu wanakula, linaisha. Lakini kati ya babu na mjukuu hakuna ukuta wowote. Babu atamwita mjukuu wa kike mke wangu, atamtania mbele za watu, na mtoto atamjibu anavyotaka.

Sasa yule msichana wa kwanza wa Andrew alizaliwa 1968, akapewa jina la bibi yake aliyekufa, kama inavyotakiwa. Drusilla. Kwa hiyo mzee alikuwa na mke mdogo Kiogoro, mwenye jina la yule aliyemzika, na alikuwa hajawahi kumshika mkono. Alimwona mara moja sokoni, akiwa mgongoni kwa mama yake, mama anachagua vitunguu. Mzee akajificha nyuma ya magunia mpaka walipoondoka. Alinisimulia hilo mara tatu kwa nyakati tofauti, na kila mara vitunguu vilikuwamo.

Hicho ndicho alichokuwa anakitaka duniani. Hakutaka pesa za Andrew wala chai ya Esnah. Alitaka kukaa na yule mtoto saa moja, amtanie, atukanwe.

*

Mwaka wa 1974 zikaja habari kwamba Jumba la Jiwani limeuzwa.

Kama hukuwahi kuliona, pole. Lilitazamana na veranda yangu, ng'ambo ya barabara. Jiwani mkubwa, Mhindi wa vitambaa, alilijenga 1936 kwa ajili ya michezo ya kuigiza ya wenzake. Baadaye Wazungu wa boma wakawa wanalikodi, wanavaa madevu ya bandia na kupigiana kelele jukwaani. Baada ya vita likatundikwa kitambaa cheupe, likawa sinema. Uso wake ulikuwa wa manjano iliyopauka, una nguzo nne, maua ya saruji juu ya milango, mwaka umeandikwa katikati ya maua, roshani ndogo isiyomfaa hata njiwa, na ngazi za mawe laini ya Tabaka zilizoliwa na viatu mpaka zikawa kama vijiko. Pembeni kulikuwa na kidirisha cha tiketi chenye nondo. Mnunuzi alitaka ghala la mahindi, na lori haliwezi kupita kati ya nguzo. Basi ikatangazwa kwamba uso wa jumba utavunjwa mwezi wa nane.

Kesho yake Mzee Manasseh akatokea verandani na kiti chake, lile sanduku la rangi na mkebe wa maji.

"Mong'ina," akaniita, kama tunavyomwita mama mtu mzima, "nikae hapa?"

"Barabara si yangu. Lakini ukimwaga maji kwenye kitambaa cha mtu, utamnunulia kingine."

Akakaa. Akapima nguzo kwa kijiti, jicho moja limefumbwa, kama anayelenga bunduki. Akachora mistari ya penseli kwa rula siku mbili nzima. Siku ya tatu akalowesha karatasi akaanza kupaka mawingu.

"Jumba unaliacha unapaka mawingu?"

"Naanza na kilicho mbali. Kilicho karibu kinakuja mwisho."

"Na nyeupe iko wapi? Kibati chako hakina nyeupe."

"Nyeupe haipakwi. Unaiacha karatasi yenyewe."

Kisii mvua ni ya kila alasiri, na hewa ina maji hata jua likiwaka. Rangi aliyoiweka saa nne ilikuwa bado mbichi saa saba, na ukiweka nyingine juu yake zinaingiliana, nguzo inakuwa tope. Alipoteza karatasi mbili hivyo. Ndipo akaanza kuitazama pasi yangu ya mkaa kwa hila.

"Usithubutu," nikamwambia.

"Siiweki juu. Naishika hewani tu, shibri moja kutoka kwenye karatasi."

Nikampa. Unafikiri ningefanya nini? Basi tukawa tunafanya kazi hivyo: mimi napiga pasi kola, yeye anaiomba, anaipitisha juu ya mawingu yake polepole kama anayembembeleza mgonjwa, ananirudishia. Watu walisimama kutazama. Ongeri wa buchani alikuja na aproni yake ya damu.

"Mzee, nichore na mimi. Nina uso mzuri."

"Una uso wa maini," nikamjibu mimi. "Rudi kazini, nzi wanakungoja."

Mzee Manasseh hakucheka. Alikuwa mtu wa kucheka kesho yake, akiwa peke yake.

Wiki ya tatu picha ilikuwa imeanza kufanana na kitu. Kutu ya mabati ilitoka vizuri kuliko kutu yenyewe. Ngazi aliziacha nyeupe kwa juu, ukaona kabisa pale viatu vilipokula jiwe. Lakini milango aliipaka rangi nzito ya kahawia, imefungwa yote mitatu, na mbele yake hakuna mtu hata mmoja.

"Mzee," nikasema, "hili jumba mimi nimelitazama miaka kumi na miwili. Jumapili foleni ilifika kwa Issack. Watu wako wapi?"

Akaweka brashi ndani ya mkebe. Akaitazama barabara juu na chini. Halafu akaniambia.

*

Kwanza ujue kwamba Manasseh na Andrew wote ni Wasabato. Manasseh alikuwa shemasi kanisani Sironga. Kwao sinema haikubaliwi, wala haijadiliwi. Lakini mke alipokufa, chumba kikawa kimya kupita kiasi, na Jumapili mjini ni siku ndefu kwa mtu ambaye sabato yake iliisha jana. Jumapili moja alisikia watu wanacheka ndani ya Jiwani, akanunua tiketi ili akae karibu na kicheko. Hivyo ndivyo alivyosema. Hakuelewa Kihindi. Alikaa benchi la nyuma, gizani, katikati ya watu wengi, halafu akatoka na kwenda kulala. Akaendelea hivyo miaka miwili, na hakuna aliyejua.

Desemba 1967, miezi minne baada ya harusi ya Andrew, alikuwa amekaa huko. Filamu imeanza. Wawili wakaingia kwa kuchelewa, wakapapasa gizani, wakakaa benchi la mbele yake. Kwenye kitambaa mwanamke wa Kihindi alikuwa anacheza kwenye mvua, nguo imemshika mwili, na mwanamume anamfuata nyuma ya mti huku uso wake unakaribia, unakaribia. Watu wakapiga miluzi. Yule msichana wa benchi la mbele akaegemea bega la mwenzake, akasema kwa Ekegusii, tena kwa sauti ya kusikika:

"Andrew, na wewe umeona anavyoshika? Wewe unanishika kama unabeba gunia."

Wote waliokuwa karibu wakacheka. Manasseh aliitambua ile sauti. Kabla hajajua afanye nini, filamu ikakatika, taa zikawashwa. Ukumbi mzima ukageuka nyuma kumtukana fundi wa mashine, na Andrew naye akageuka huku mdomo wake uko wazi. Macho yake yakakutana na macho ya baba yake, umbali wa mkono mmoja.

Esnah hakugeuka. Alikuwa ameinama anatafuta kiatu.

Siku hiyo mimi nilimwona mzee akitoka. Alishuka zile ngazi kama aliyefukuzwa na nyuki. Nilidhani amekwepa kulipa tiketi.

"Basi mngechinja mbuzi," nikamwambia.

"Wazee wangeuliza: mlikuwa wapi? Mbuzi hachinjwi bila mahali kutajwa. Nikitaja Jiwani, kanisa linanitoa, na Andrew linamtoa, na mke wake linamtoa. Na nikichinja mbuzi kwa mila, kanisa linanitoa tena. Andrew anayajua hayo yote kama mimi. Alikuwa ananingoja mimi niseme, mimi nikamngoja yeye. Mwaka ukapita. Mtoto akazaliwa. Baada ya hapo ningeanzia wapi?"

"Miaka saba kwa ajili ya gunia."

"Mong'ina, wewe ulimi wako..."

"Na hii picha ni ya nini?"

"Ni ya Andrew." Akaigeuza nione vizuri. "Jumba linavunjwa. Nimelipaka milango imefungwa, hakuna mtu nje, hakuna mtu ndani. Akiiona ataelewa. Hapakuwa na mtu. Yaani mimi sikuwapo. Alete mtoto."

Nilitazama picha. Kusema kweli mimi niliona jumba lililofungwa, basi. Lakini mtu aliyepaka ramani miaka ishirini na sita anaamini kila rangi ina maana yake na kila mtu ameisoma pembeni. Sikumwambia hivyo. Hilo ni kosa langu, kwa sababu mengine yote huwa nasema.

Nilimpelekea Andrew picha kazini, imefungwa kwa gazeti. Akaipokea mbele ya wateja, akasema asante mama. Siku tatu baadaye akaja verandani, saa ya chakula, akaiweka juu ya cherehani yangu.

"Mrudishie. Mwambie nimeelewa."

"Umeelewa nini?"

"Kwamba hajasahau. Kwamba mahali pote duniani pa kuchora, amechora pale. Na milango ameifunga. Nimesikia, mama. Mlango umefungwa."

"Andrew, keti hapa, acha nikuambie baba yako alitaka nini."

"Hayo ya Jiwani usinitajie, tafadhali. Wewe ni kama mama yangu." Akapanda baiskeli, akaondoka.

Hiyo ndiyo taabu ya ensoni. Jambo lenyewe huwezi kulitaja ili uliondoe.

Mzee aliiona picha imerudi. Aliosha brashi zake tatu, moja moja, akazikausha kwa shati lake, akafunga kibati. Kuanzia kesho yake hakuja verandani. Batuli alimpelekea uji, akaukuta jioni umeganda mlangoni na sisimizi ndani yake.

"Huyu atatufia hapa," Batuli akaniambia. "Na mimi kwenu sijui hata nitamwita nani."

*

Jumamosi ni siku ya kanisa lao, kwa hiyo nilingoja Jumapili, nikapanda Kiogoro kwa miguu. Andrew alikuwa hayupo, amekwenda kutafuta mbao. Nilimkuta Esnah nyuma ya nyumba anapalilia maharage, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya darasani. Nilikuwa nimemshonea gauni mara mbili. Tukaulizana habari za watoto, habari za mvua. Halafu akaegemea jembe.

"Mama, wewe unakaa jirani na mzee. Niambie ukweli. Ni kwa sababu nazaa wasichana watupu?"

"Nini?"

"Mbona hajawahi kufika hapa? Nimemwekea kiti miaka saba, kile pale chini ya ukuta. Andrew ukimuuliza anakwenda kulisha ng'ombe. Nilidhani ni ukoo wetu. Halafu nikadhani ni wasichana. Mwaka jana nilitaka kumwandikia barua, nikaogopa."

Nilijua hapo kwamba Andrew hakumwambia neno lolote. Miaka saba amelala naye kitanda kimoja na hajamwambia. Na ukifikiri, angemwambiaje? Kumwambia kungemvunjia mke ukuta ambao yeye hakuwa na habari kwamba umevunjika. Lakini mimi si mtu wa ukoo wao, wala si Msabato, wala sina subira. Nikamwambia yote. Benchi, mvua ya Kihindi, bega, mpaka gunia.

Esnah aliachia jembe likaanguka. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye maharage aliyokuwa anapalilia, akayavunja.

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema."

"Na alisikia?"

"Benchi zima lilisikia."

Akajifunika uso kwa kanga. Mabega yaliendelea kutikisika, na kwa muda nilidhani bado anacheka.

Aliponyamaza akasema, "Mimi kwake siwezi kwenda. Sasa nimejua, hata nikimwona njiani nitaingia mtaroni. Na Andrew hatakwenda, namjua. Atakufa kwanza." Akajipangusa pua. "Lakini Drusilla hakuwapo sinema."

"Hakuwapo," nikasema. "Alikuwa hajazaliwa."

"Basi yeye hana deni na mtu yeyote."

*

Sijui walivyosemezana usiku huo Kiogoro, na sikuuliza, ujue kwamba hata mimi kuna pahali nasimama. Ninachojua ni kwamba Jumapili iliyofuata, saa nane, Andrew alionekana kwenye kona ya posta na mtoto wa kike mwenye gauni jekundu. Akamwonyesha mtoto veranda yangu kwa kidole. Mtoto akavuka peke yake. Andrew akageuka, akatupa mgongo, akasimama hapo anatazama ukuta wa posta kama umeandikwa jina lake.

Batuli ndiye aliyemtoa mzee chumbani, na hakumbembeleza. Alimfokea. Mzee akaja amevaa shati ambalo halijapigwa pasi, akasimama.

Mtoto akamtazama kuanzia viatu.

"Wewe ndiye sokoro, babu yangu?"

"Ndiye."

"Mama amesema wewe ni bwana yangu. Mbona umezeeka hivi?"

Ongeri wa buchani alicheka mpaka akashika nguzo. Mzee Manasseh alijinyoosha shati kwa viganja. Nikageukia cherehani yangu na kushona mshono ambao ulikuwa umekwisha kushonwa.

"Nimezeeka kwa kukungoja," hatimaye akasema. "Mke gani anachelewa miaka sita?"

"Nilikuwa shuleni."

Wakakaa. Mzee akamletea picha. Mtoto aliitazama kwa karibu mpaka pua ikagusa karatasi, akauliza kwa nini hakuna watu, akaambiwa wamekwenda nyumbani. Akauliza na yeye yuko wapi. Mzee akafungua kibati. Kwenye zile ngazi alizoziacha nyeupe akaweka tone jekundu, dogo kama punje ya mtama, akalivuta chini likawa gauni. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anapaka bila penseli wala rula. Mtoto akasema kichwa ni kidogo. Mzee akasema kichwa chenyewe ndivyo kilivyo.

Mtoto aliondoka na picha kwapani. Safari hii haikurudi. Esnah aliniambia baadaye kwamba iko ukutani karibu na meza ya chakula, na kwamba Andrew amehamisha kiti chake akakaa upande ambao haioni, lakini hajasema itolewe.

Mwezi wa nane walivunja uso wa Jiwani. Kazi ilichukua siku nne. Maua ya saruji yalipakiwa kwenye mkokoteni yakaenda kujaza shimo mahali fulani, na kwa wiki moja vumbi la manjano lilikaa juu ya kila nguo niliyoshona. Drusilla aliendelea kuja kila Jumapili. Baba yake alimleta mpaka kwenye kona, akatupa mgongo, akangoja saa mbili nzima akiwa amesimama. Hakuna mbuzi aliyechinjwa. Hakuna aliyesema Jiwani.

Jumapili moja ya mwezi wa kumi mvua ilikuja mapema, ile ya mawe. Watu wote wakakimbilia chini ya mabati. Andrew hakukimbia. Kujikinga kungemlazimu ageuke na kuja upande wetu, maana upande wa posta hapakuwa na kibaraza. Alisimama pale pale, koti limemganda mgongoni, maji yanaingia viatuni.

Mzee Manasseh alimtazama kwa muda mrefu. Akaingia chumbani mwake, akatoka na mwavuli mweusi, akampa mtoto.

"Mpelekee baba yako."

"Nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu."

Mtoto akavuka mbio, miguu yake inarusha maji. Tulimwona anamvuta koti. Andrew akainama bila kugeuka, akaupokea. Tukangoja aufungue. Hakuufungua. Aliuweka kwapani kama gazeti, akaendelea kusimama na mawe yanampiga kichwani, mpaka nikataka kutoka nikamfungulie mimi na kumchapa nao.

"Huyu mwanao ni mjinga kweli," nikasema.

Mzee hakunisikia. Alikuwa amesogeza kiti chake mpaka ukingoni mwa veranda, mahali mvua inapomfikia magotini.

"Ameuchukua," akasema. "Umeona? Ameuchukua."